Uzi: Bima ya nyumba Texas imenishtua. Shemeji yangu yuko jimbo hilihili, analipa robo ya ninayolipa mimi

MtuWaGhuba (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Zamu imeisha tangu saa moja, bado nimekaa kwenye gari nje ya kazini nasoma barua ileile mara ya nne. Benki iliyonikopesha nyumba inasema kuanzia mwezi ujao malipo yangu yanapanda dola 287 kwa mwezi. Riba haijabadilika, niliifunga kwa miaka 30. Kilichopanda ni bima.

Kwa wasioyajua ya huku: ukinunua nyumba kwa mkopo Marekani, benki mara nyingi haikuachii ulipe bima na kodi ya nyumba kwa mkono wako. Inakukata kila mwezi, inaweka kwenye akaunti ya pembeni wanayoiita esikro, halafu yenyewe inawalipa kampuni ya bima na kaunti. Bima ikipanda, akaunti ile inaingia pengo, na pengo unaliziba wewe: upungufu wa mwaka uliopita na bei mpya, vyote kwa mpigo. Ndiyo maana utasikia mtu analia "mkopo umepanda" na mkopo wenyewe haujaguswa.

Nikampigia shemeji yangu aliyeko El Paso. Nyumba yake na yangu ni kama mapacha: vyumba vinne, matofali kwa nje, zote zimejengwa baada ya 2005. Yeye analipa dola 1,560 kwa mwaka. Mimi niko League City, kaunti ya Galveston, kusini ya Houston. Nimejumlisha zangu zote nikapata 6,240. Mara nne kamili, wakuu.

Nikamuuliza kama ana siri yoyote. Akacheka, akasema, "Siri yangu ni jangwa."

Nimetumia wiki mbili kusoma na kusumbua mawakala wa bima. Naweka nilichokipata, wenye uzoefu mnirekebishe.

---

MtuWaGhuba

Naendelea.

Tuanze na ukubwa wa hili jimbo. Texas ni kubwa kuliko Kenya nzima. Kutoka kwangu hadi kwa shemeji ni zaidi ya maili 750, na saa yake iko nyuma ya yangu kwa saa moja. Kwa hiyo ukisikia "bei ya wastani ya bima Texas" jua umeambiwa wastani wa mvua ya Mombasa na Lodwar. Namba ipo, lakini hakuna anayeishi ndani yake.

El Paso iko kwenye jangwa la Chihuahua. Mvua inchi 9 hivi kwa mwaka mzima. Kimbunga hakifiki, mawe makubwa ya barafu ni nadra. Bima pale inahangaika na moto, wizi na bomba kupasuka.

Mimi huku Ghuba ya Meksiko iko jirani, na nina bima tatu, siyo moja:

Ya kwanza ni ile ya kawaida ya nyumba, dola 2,900. Ukiifungua ndani imeandikwa wazi kwamba upepo na mvua ya mawe haimo. Wameitoa.

Ya pili ni ya upepo na mawe peke yake, 2,450. Hii inatoka TWIA, chombo kilichoundwa na bunge la Texas mwaka 1971, baada ya kimbunga Celia kuipiga Corpus Christi mwaka 1970 na kampuni binafsi kuanza kuukimbia mwambao. TWIA inahudumia kaunti 14 za pwani, na kipande cha kaunti ya Harris. Huendi kwao moja kwa moja, unapitia kwa wakala, na lazima kwanza uwe umekataliwa na kampuni ya kawaida.

Ya tatu ni mafuriko, 890. Hii nitaiacha kwa wenye uchungu nayo zaidi, najua wapo humu.

Sasa angalieni kitu hiki. Kile kipande cha Harris kinachoingia TWIA kiko mashariki ya barabara ya 146. Seabrook, La Porte, maeneo hayo. Ukivuka barabara upande wa magharibi, TWIA haikuhusu, kampuni ya kawaida inakupa upepo ndani ya bima moja. Watoto wanasoma shule moja, mnanunua nyama kwa mchinjaji mmoja, bima ni mbingu na ardhi.

Na hakuna dalali hata mmoja aliyenigusia hili wakati nanunua. Nilioneshwa jiko.

---

Kijana wa Manzese

Mkuu, huku kwetu mtu anajenga ghorofa Kigamboni, bima yake ni ukuta, mbwa na mlinzi wa Kimasai. Hizo dola 6,240 kwa mwaka ni kiwanja kabisa Chanika 😂

---

MtuWaGhuba

Kijana, ungekuwa na mkopo wa benki usingecheka. Ukiiacha bima ife, benki inakununulia ya kwake kwa lazima. Ni ghali kuliko yoyote utakayoitafuta, na inailinda benki tu. Makochi yako na nguo zako hazimo.

---

MamaTausi_FortWorth

Naomba nichangie maana naona watu wanadhani bima ghali ni ya watu wa pwani tu. Mimi niko Fort Worth, bahari sijaiona tangu nilipotoka Tanga. Kimbunga hakinifikii. Nalipa dola 4,700.

Mawe, ndugu zangu. Mvua ya mawe.

Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano au wa sita, hewa yenye unyevunyevu inapanda kutoka Ghuba, inakutana na hewa kavu ya magharibi, na sisi tuko katikati. Mwaka juzi yalianguka kama mayai ya kuku. Nilikuwa kibarazani nikidhani jirani ananitupia mawe. Kioo cha gari kwisha, paa kwisha, kuku wangu wawili (ndiyo, nafuga, msiniseme) wakafa.

Na siyo huku kaskazini peke yake. San Antonio tarehe 12 Aprili 2016 walipigwa na mawe yaliyoleta hasara ya zaidi ya dola bilioni moja, kwa jioni moja tu. Amarillo na Lubbock nao wanalia. Kwa hiyo ramani ya bima ya Texas isome hivi: pwani inaogopa upepo, kaskazini na katikati inaogopa mawe, na ni El Paso peke yake anayelala usingizi.

Lakini MtuWaGhuba, mbona hujagusa didaktibo? Hapo ndipo mimi nilipoumia. Bei ya mwaka niliijua. Didaktibo niliifahamu siku mawe yameshaanguka.

---

MtuWaGhuba

Dada umenikumbusha. Weka wewe, una kovu.

---

MamaTausi_FortWorth

Haya. Didaktibo ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Kwenye bima ya gari tumezoea dola 500 au 1,000, tunajua. Kwenye nyumba huku Texas, ya upepo na mawe mara nyingi haiandikwi kwa dola, inaandikwa kwa asilimia. Mimi niliona "2%" nikaona ni kidogo, nikasaini.

Asilimia mbili ya nini? Ya kiasi chote nyumba ilichokatiwa bima, siyo ya hasara! Nyumba yangu imekatiwa 380,000. Asilimia mbili ni dola 7,600.

Fundi alisema paa jipya ni dola 16,000. Nikahesabu: 16,000 toa 7,600, nitapewa 8,400, mengine nitaparamia. Mkadiriaji wa kampuni akaja, akapanda, akapiga picha, akaniuliza paa lina miaka mingapi. Kumi na miwili, nikajibu, tena kwa fahari kwamba limetunzwa.

Kumbe wakala alinishushia bei mwaka ule kwa kubadilisha kipengele cha paa. Badala ya kulipwa gharama ya paa jipya, nalipwa thamani ya paa lilivyo, uchakavu ukishatolewa. Wakahesabu paa la vigae vya lami lina maisha ya miaka 20, mimi nimeshakula 12, yaani asilimia 60. Kumi na sita elfu zikabaki 6,400. Toa didaktibo 7,600.

Sifuri. Tena chini ya sifuri, bora wasinidai.

Nilikuwa nimelipa bima miaka saba bila kuruka mwezi.

---

Kijana wa Manzese

Aisee. Naomba radhi kwa utani wangu wa mwanzo.

---

FundiPaa254

Niko kwa hii kazi ya mapaa Dallas miaka tisa, acha niongee upande wetu.

Mama Tausi pole sana. Hiyo ya uchakavu ndiyo mtego mkubwa saa hii, na wengi wanaingia bila kujua kwa sababu wakala anasema tu "nimekupatia bei nzuri". Kila mwaka bima ikijirudia, fungua ukurasa wa mbele, angalia vitu viwili: asilimia ya upepo na mawe, na vile paa litalipwa. Hizo karatasi zingine utasoma ukistaafu.

Tena sikieni. Baada ya mvua ya mawe kuna vijana wanabisha hodi nyumba hadi nyumba. Anakwambia, "Usijali didaktibo, sisi tutaibeba." Usikubali. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 sheria ya Texas inasema mwenye nyumba lazima alipe didaktibo yake, na fundi akikuahidi kuibeba ama kuificha kwa bei amefanya kosa la jinai. Kampuni ina haki ya kukuuliza risiti ya kuonyesha umelipa kabla iachilie pesa iliyobaki. Huyo kijana amekuja na pickup kutoka jimbo lingine, wiki ijayo hayuko. Wewe ndiye unabaki na karatasi ya uongo yenye jina lako.

Jambo la tatu, mabati. Najua nyinyi wote mnapenda mabati, tumezaliwa chini ya mabati. Huku paa la chuma ni zuri kweli, na kuna vigae vya daraja la 4 vilivyopimwa kustahimili mawe. Kampuni nyingi Texas zinakupunguzia bei ukiweka mojawapo. Lakini uliza kwanza: punguzo linakuja na kipengele cha kuondoa "uharibifu wa sura" ama la? Nikisema sura, namaanisha mawe yamebonyeza bati likakaa kama sufuria ya hoteli ya kijijini, ila halivuji. Ukikubali kipengele hicho, mabonyeo hayo hawalipi. Wewe utajua kama unaweza kuishi na aibu ya majirani 😄

---

MtuWaGhuba

Sufuria ya hoteli ya kijijini, nimeiona kabisa.

---

Bandugu_Abilene

Bandugu, jambo. Miye ni Mkongomani, niko Abilene tangu 2016. Nyumba tulinunua miaka mitatu iliyopita. Rafiki yangu alinunua kwenye barabara moja na sisi, nyumba zimepakana, paa zilitengenezwa mwaka moja. Kampuni ya bima ni moja. Yeye analipa 3,100, sisi 4,600. Nikaenda ofisini kwa wakala nikamuuliza, ni sababu ya rangi ya ngozi? Akaniambia hapana, ni sababu ya krediti. Ni kweli ama alinidanganya?

---

MtuWaGhuba

Ndugu, kuna uwezekano mkubwa amekwambia kweli. Texas inaruhusu kampuni kutumia historia yako ya mikopo kupanga bei ya bima ya nyumba. California, Maryland na Massachusetts wameikataza, huku hapana. Kwa hiyo mtu asiyewahi kuchelewesha deni, nyumba yake imeoza, anaweza kulipa chini ya mwenye nyumba nzima aliyewahi kukwama na bili ya hospitali. Mimi naona ni ukorofi uliopewa koti la hesabu, maana mawe hayaulizi deni la kadi. Lakini ndiyo sheria ilivyo.

Ila kuna milango. Moja, hawaruhusiwi kukunyima bima kwa sababu ya krediti peke yake. Mbili, kama krediti iliharibika kwa ugonjwa mzito, kifo cha mke au mume, mzazi au mtoto, talaka, kuachishwa kazi bila kupenda, au kuibiwa utambulisho, unaweza kuandika barua kuomba wasikuhesabie hilo. Watakuomba vielelezo, wape. Tatu, kila kampuni inapima kwa mizani yake. Kwenye kampuni A unaonekana hatari, kwenye B wa kawaida. Kaombe bei kwingine.

---

Bandugu_Abilene

Aksanti sana. Bibi yangu aliugua mwaka 2022, bili zikatushinda. Nitaandika hiyo barua.

---

BintiKisauni

Nilikuwa nasoma kimya kimya nikisubiri mtu ataje mafuriko. Naona MtuWaGhuba amenirushia mimi mpira bila kunijua.

Wengi hawaamini mpaka yawakute: bima ya nyumba ya kawaida HAILIPI mafuriko. Maji yaliyotoka kwenye bomba lako lililopasuka, yamo. Mvua iliyoingia baada ya upepo kutoboa paa, imo. Lakini maji yaliyojaa nje yakaingia kwa mlango, hayamo, hata yawe sentimita mbili.

Mwaka 2017 nilikuwa Katy, magharibi ya Houston, nyumba ya kupanga. Kimbunga Harvey aliingia nchi kavu karibu na Rockport tarehe 25 Agosti, akaja akaketi juu yetu siku kadhaa kama mgeni asiyeaga. Kule Nederland walipima zaidi ya inchi 60 za mvua. Mtaa wetu maji yalipanda kutoka kwenye bwawa la Barker lililo nyuma yetu. Wengi walioishi pale hawakujua kama nyumba zao zimejengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa, maji yake hurudi huko. Ramani ya mafuriko haikuwaweka kwenye eneo la hatari, benki haikuwalazimisha kukata bima, wakaona hawaihitaji. Nimewaona watu wazima wamekaa kwenye ukingo wa barabara, zulia, friji na albamu ya harusi vimerundikwa mbele ya nyumba, hata shilingi ya fidia hawana.

Bima hii hutoka zaidi kwa mpango wa serikali kuu, NFIP, ulioanza 1968. Nyumba inalindwa hadi dola 250,000, vyombo hadi 100,000, na vyombo unavikatia kivyake, havimo mpaka useme. Halafu kuna siku 30 za kungoja kabla haijaanza kufanya kazi, isipokuwa unaikata wakati wa kufunga mkopo. Kwa hiyo usingoje kumuona kimbunga kwenye televisheni ndipo umkimbilie wakala.

Tangu Oktoba 2021 wamebadilisha jinsi ya kupanga bei. Zamani walitazama zaidi uko ukanda gani wa ramani. Sasa wanatazama nyumba yenyewe: iko umbali gani na maji, sakafu imeinuka kiasi gani, kuijenga upya ni pesa ngapi. Jirani yangu wa sasa sakafu yake imeinuliwa kwa matofali ya zege, mimi yangu iko chini. Tumepakana ukuta, yeye analipa kidogo. Sina la kumlaumu.

---

MtuWaGhuba

Binti shikamoo yako tu. Niongeze moja kwa watu wa pwani. Kwa kuwa upepo una bima yake na maji yana bima yake, kimbunga kikija vyote viwili vinakuja pamoja, halafu kampuni mbili zinaanza kusukumiana: huyu anasema nyumba iliangushwa na maji, yule anasema ni upepo. Baada ya kimbunga Ike, Septemba 2008, rasi ya Bolivar kuna nyumba zilizobaki sakafu tupu. Hakuna ukuta wa kumuonyesha mkadiriaji. Kesi zilienda mahakamani miaka. Tangu niyasome hayo napiga picha nyumba yangu kila mwezi wa tano, nje na ndani, kila chumba, kabla msimu wa vimbunga haujafunguliwa tarehe 1 Juni. Mke wangu anasema nimekuwa mpelelezi.

---

Mzee wa Pearland

Vijana mnazungumza vizuri, lakini mnasahau serikali iko wapi. Miye nimeishi Texas tangu 1994. Zamani bima zote za nyumba zilikuwa na maneno yanayofanana, ukilinganisha bei unalinganisha kitu kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kukaja vurugu ya madai ya ukungu wa kwenye kuta, kampuni zikasema zinakufa, zikaanza kuandika mikataba yao membamba. 2003 bunge likapitisha utaratibu huu tulio nao: kampuni inapeleka bei mpya kwa Idara ya Bima ya Texas na inaweza kuanza kuitumia papo hapo, idara inakagua baadaye. California kampuni lazima ingoje kibali kwanza. Kila njia ina ubaya wake. Kule walibana bei, baadhi ya kampuni zikaacha kuandikisha wateja wapya. Hapa kampuni hazijakimbia sana, ila mwaka 2023 peke yake bei zilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia 20.

Na msiseme ni hali ya hewa tu. Mbao, mishahara ya mafundi, na bima ambayo kampuni zenyewe zinakata kwa kampuni kubwa za dunia, vyote vimepanda. Februari 2021 baridi ile ilipopasua mabomba jimbo zima, hadi Brownsville kwenye michungwa, hasara ilikuwa ya kila mtu. 2024 Houston tukapata ule upepo wa tarehe 16 Mei uliovunja vioo vya maghorofa katikati ya mji, wiki saba baadaye kimbunga Beryl. Nani atashusha bei hapo?

---

Kijana wa Manzese

Mzee, shikamoo. Sasa mtu afanye nini? Maana mnatisha tu.

---

Mzee wa Pearland

Marahaba. Anayetisha si mimi, ni bahari.

---

MtuWaGhuba

Kijana, nikwambie nilichofanya mimi wiki hizi mbili, maana swali lako ndilo lililonifungulisha uzi.

Kwanza niliingia HelpInsure.com. Ni ya serikali, hawakuuzii kitu. Unaweka zipu kodi yako (namba ya posta ya eneo lako), aina ya nyumba na umri wake, inakuletea kampuni na bei za mfano. Hizo si bei zako halisi, ila utaona pengo kati ya kampuni na kampuni kwa nyumba moja. Kwenye zipu kodi yangu iliyo juu kabisa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya iliyo chini. Nilidhani nimekosea kubonyeza.

Kisha nikatafuta wakala wa kujitegemea, anayeuza kampuni nyingi. Wakala wa awali alikuwa wa kampuni moja, hata angenipenda vipi angenipa ya mwajiri wake tu.

Nikaangalia kiasi nilichokatiwa. Hapa wengi tunachanganya: bima haikati bei uliyonunulia nyumba, inakata gharama ya kuijenga upya ikiungua. Ardhi haiungui. Kuna mtu atakuwa amenunua kwa 300,000 na kuijenga upya ni 360,000, na mwingine kinyume chake. Yangu ilikuwa imekadiriwa na jiko la marumaru ambalo sina. Tukalirekebisha. Ila msishushe namba hii kwa tamaa. Ukiikatia nyumba chini ya asilimia 80 ya gharama ya kuijenga, hata dai dogo watakulipa kipande.

Nikapandisha didaktibo ya mambo mengine hadi 2,500, lakini ya upepo sikuigusa, baada ya kumsoma Mama Tausi. Na nimeamua madai madogo nayabeba mwenyewe. Kila dai linaandikwa kwenye ripoti inayoitwa CLUE, linakaa hadi miaka saba, na kila kampuni inaisoma. Ripoti hiyo unaweza kuomba yako bure mara moja kwa mwaka. Ukinunua nyumba, mwambie muuzaji aombe ya kwake akuonyeshe: utajua maji yalishaingia mara ngapi.

Matokeo: 6,240 imekuwa 5,080. Bado ni ghali. Shemeji bado anacheka.

---

FundiPaa254

Na ukipeleka dai, andika tarehe. Sheria huku inawapa siku 15 kukubali kwamba wamelipokea, na wakishapata karatasi zote wana siku 15 za kazi kusema ndio ama la. Wakisema ndio, siku 5 za kazi pesa itoke. Wakizembea, peleka malalamiko Idara ya Bima, ni bure. Nimeona kampuni ikiamka usingizini kwa barua moja tu ya idara.

---

Mgeni_SanLeon

Wakuu nimefuata uzi huu usiku kucha. Niko mbioni kununua nyumba San Leon, kaunti ya Galveston, nasaini Ijumaa. Bei nzuri mno, karibu na maji, paa waliliweka jipya 2019. Wakala wa bima ananiambia TWIA wanataka "cheti cha upepo". Muuzaji anasema kipo, atakitafuta. Ni kitu kikubwa hicho?

---

MtuWaGhuba

Kikubwa mno. Kwenye eneo la TWIA, chochote kilichojengwa, kuongezwa au kukarabatiwa tangu 1988 kinatakiwa kiwe kimekaguliwa na kupewa cheti, WPI-8, kuonyesha kinastahimili upepo. Paa jipya nalo linahitaji chake. Bila cheti unaweza kukosa bima ya upepo, na bila bima ya upepo benki haitoi mkopo. Usimsubiri muuzaji atafute droo. Vyeti viko mtandaoni, tovuti ya Idara ya Bima na ya TWIA, unaweka anwani tu. Fanya sasa hivi.

---

Mgeni_SanLeon

Nimeangalia. Kuna cha nyumba yenyewe, 1996. Cha paa la 2019 hakipo.

---

FundiPaa254

Tafuta na jina la mtaa bila namba, wakati mwingine wanakosea kuandika.

---

Mgeni_SanLeon

Nimetafuta kwa njia zote tatu. Hakipo. Nimempigia muuzaji, sasa anasema fundi aliyeweka paa alikuwa rafiki yake.

---

MtuWaGhuba

Mwambie dalali wako aandike leo kwamba husaini mpaka mhandisi alikague hilo paa na cheti kitoke, kwa gharama ya muuzaji. Likifeli, libomolewe liwekwe upya au bei ishuke kwa kiasi hicho. Kwa maandishi, siyo kwa simu.

---

Mgeni_SanLeon

Dalali ameandika. Ijumaa imesogezwa hadi tarehe 14. Muuzaji amenuna.

---

MamaTausi_FortWorth

Mwache anune.